Swali la Mtoto ni la Nani?

Katika baraza za pwani, jua likishatua na taa zikishawashwa, mchezo wa vitendawili una adabu zake, na kila mtoto huzijua kabla hajajua kusoma. Mwenye kitendawili hutangaza, na wenzake humjibu kwa neno moja: "Tega!" Akishatega, kila mmoja hubahatisha jibu lake, na hapana anayeaibika kwa kukosa, kwani bila ya wenye kukosa mchezo hauendi. Wote wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji. Hupewa Mombasa akaikataa, hupewa Lamu akasita, hupewa Unguja akaridhika, ndipo anapofumbua. Katika mchezo huu mtoto wa miaka sita humtega babu yake, na babu akishindwa hutoa mji kama angetoa mtu mwingine yeyote.

Asubuhi yake mtoto huyo huyo huenda shuleni, na huko swali hubadilisha mwenyewe. Mwalimu ndiye mwenye kuuliza, naye huuliza jambo ambalo jibu lake amekwisha kulijua tangu jana. Mtoto hutakiwa alipapase jibu lililomo kichwani mwa mtu mwingine. Akilikosa, zamu humwendea mwenzake. Hapana mji unaotolewa.

Wapangaji wa elimu wameliona jambo hili tangu zamani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliitaja akili yenye kudadisi miongoni mwa mambo ambayo elimu ya Tanzania haina budi kumjengea kijana. Mtaala wa mwaka 2005 ulilenga umahiri badala ya kukariri. Mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo yakapewa mtaala wao wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Na mwezi Januari 2024 mtaala mwingine ulianza kutumika. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi uliojaribiwa kuanzia mwaka 2017 umekitengea kila kipengele cha somo nafasi ya "Maswali Dadisi". Nia ni njema na haina ubishi: somo lianze kwa swali, mtoto atazame, apime, akisie, abishane na wenzake, ndipo afikie jambo alilolitafuta kwa jasho lake.

Hata hivyo, nia hii njema imebeba mtihani wa kimaadili ambao aghalabu haujadiliwi. Swali lililotungwa ofisini, likachapwa kitabuni, likasomwa na mwalimu mbele ya darasa, ni la nani? Je, ni haki kumfundisha mtoto kuuliza, ikiwa anayemfundisha hayuko tayari kuulizwa? Na zaidi ya yote, mtoto atauliza kwa lugha gani?

Maswali haya hayapatiwi majibu hewani, yanahitaji mahali. Mahali pazuri pa kuyapimia ni wilaya za Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya juu na yenye baridi, isiyofanana kwa lolote na mikarafuu na mikoko. Upande mmoja imesimama safu ya Mbulu yenye matuta na mashamba yaliyobanana. Upande wa pili Mlima Hanang umepanda peke yake hadi zaidi ya mita 3,400, na chini yake limelala ziwa Balangida, ambalo kiangazi kikizidi hukauka likaacha chumvi nyeupe. Magharibi, katika bonde la Yaeda, Wahadzabe wangali wakichimba mizizi, wakiokota ubuyu na kutafuta asali.

Jambo la ajabu la nchi hii ni ndimi zake. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali. Wadatoga husema lugha ya Kinilo. Wanyiramba na Wanyaturu ni Wabantu, na lugha zao zina undugu na Kiswahili. Wahadzabe wana lugha yenye sauti za vidoko ambayo wanaisimu wameshindwa kuipatia ndugu hata mmoja. Ni nadra duniani kukuta asili nne za lugha, zisizojuana kwa shina wala tawi, zikikutana katika mnada mmoja wa ng'ombe. Na watoto wa ndimi zote hizi, siku wanapoingia shule ya serikali, hukuta lugha moja inawasubiri mlangoni: Kiswahili.

Fikiria mtoto wa Kihadzabe wa miaka saba. Wataalamu walioishi na watu hawa wameandika kwamba watoto wao, tangu umri wa miaka mitano hivi, hutoka kwa makundi kujitafutia sehemu ya chakula chao wenyewe: hupasua mabuyu, huchimba mizizi iliyo karibu, hulenga ndege wadogo. Hapana mwalimu anayewaandalia somo. Mtoto huona mzizi, hukisia kina chake, huchimba, hukosea, hujaribu pengine. Kama kuna mtu anayeijua elimu ya udadisi, basi ni huyu. Siku ya kwanza shuleni mtoto huyo hunyamaza. Hunyamaza mwezi mzima, pengine muhula mzima, na katika daftari la mwalimu huandikwa kwamba ni mzito wa kuelewa.

Ukimya kama huo huweza pia kumpata mtoto wa Kiiraqw kijijini, aliyeyajua majina ya kila ng'ombe wa boma lao, na mtoto wa Kidatoga anayeweza kutambua nyayo za mbuzi wake katika vumbi la mbuzi mia. Hawakosi maswali. Wanakosa neno la "kwa nini" katika lugha inayokubaliwa chumbani humo.

Kuna kisa cha kale ambacho wapenzi wa elimu ya maswali hukirejelea daima. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anamwita mtumwa kijana asiyesoma, anachora mraba mchangani, na kwa kumuuliza tu, bila ya kumwambia jibu, anamfikisha kijana kwenye ukweli wa hesabu ambao hakuwahi kufundishwa. Waalimu wa nchi nyingi wamekifanya kisa hiki kuwa ushahidi kwamba elimu imo ndani ya mtoto na kazi ya mwalimu ni kuitoa. Wachache hukumbuka jambo linalotangulia. Kabla ya kuuliza swali lolote la hesabu, Socrates anamuuliza bwana wa kijana: je, huyu anajua Kigiriki? Anapohakikishiwa kwamba anakijua, kwa kuwa amezaliwa nyumbani humo, ndipo anapoanza. Sharti la kwanza la udadisi, kwa mtu ambaye dunia imemfanya imamu wa udadisi, lilikuwa lugha. Lau kijana yule angekuwa ameletwa juzi kutoka nchi nyingine, mraba ungebaki mchangani, na Socrates angekwenda nyumbani akiamini kwamba watumwa hawana akili.

Hapa mpenzi wa Kiswahili hupata donge kooni. Watu wa pwani na visiwani wamezoea kukisifu Kiswahili kama lugha iliyofungua milango, na sifa hiyo ni ya haki. Wamezoea vilevile kulalamika kwamba Kiingereza kinawafunga midomo vijana wa sekondari, wanaoingia kidato cha kwanza wakiwa wachangamfu na ghafla wakageuka mabubu. Lalamiko hilo lina ushahidi. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wasomi walioonyesha kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi hawezi kufikiri kwa uhuru katika lugha asiyoimudu, na kwamba Kiswahili kingepaswa kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Msomi huyo huyo, pamoja na Maarten Mous na Roland Kiessling, ndiye aliyetoa kamusi ya Kiiraqw mwaka 2002. Kazi hizi mbili hazipingani. Ni hoja moja iliyotazamwa kutoka madirisha mawili. Anayesema kwamba Kiingereza kinamnyima kijana wa miaka 14 haki ya kuuliza, kisha akasema kwamba Kiswahili hakimnyimi mtoto wa Mbulu wa miaka sita haki hiyo hiyo, hatetei haki ya mtoto. Anatetea lugha yake tu.

Watakuwapo watakaojibu kwamba Kiswahili kimeijenga Tanzania, na kwamba kurudisha lugha za makabila darasani ni kurudisha ukabila. Hofu hii haifai kudharauliwa. Majirani wengi wameona jinsi lugha inavyoweza kufanywa upanga. Lakini itazamwe historia ya mtu aliyekipigania Kiswahili kuliko wote. Lugha ya kwanza ya Nyerere ilikuwa Kizanaki. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi alipoingia shule ya Mwisenge huko Musoma mwaka 1934, na Kiswahili alikipata akiwa amekwisha kuwa mtu wa kufikiri katika lugha ya mamaye. Baadaye akakipenda kiasi cha kumtafsiri Shakespeare. Kizanaki hakikumzuia kuwa Mswahili wa fikra, pengine kilimwandaa. Nayo Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Hazina inayofungiwa nje ya lango la shule ni hazina ya maneno matupu.

Tena watu wa visiwani wenyewe wana kumbukumbu ya jambo hili, wakitaka kuikumbuka. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, msingi ulikuwa Kiunguja cha mjini. Mombasa ilinung'unika, na ilikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa Kimvita kilikuwa na washairi wake wakubwa. Hata ndani ya Unguja, mtoto wa Makunduchi aliyefika skuli na maneno ya nyumbani kwao aliambiwa kwamba maneno yale ni makosa. Hayakuwa makosa, yalikuwa maneno ya bibi yake. Anayeujua uchungu wa neno la nyumbani kukatwa kwa wino mwekundu, na hali Kimakunduchi ni ndugu wa damu wa Kiswahili sanifu, na akadirie uchungu wa mtoto wa Yaeda.

Basi mtaala wa udadisi kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili katika nchi hii ungepangwaje kwa uaminifu? Si lazima ungojee fedha nyingi. Mfano mmoja watosha. Katika nchi ya asili ya Wairaqw, ambayo Kiswahili huiita Mama Isara, wakulima wametunza ardhi ya miteremko kwa vizazi vingi: hutia samadi, huchimba mifereji, na huyalaza matuta kukingama na mteremko ili maji yasikimbie na udongo. Kila mtoto wa huko ameyaona matuta haya tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Mwalimu awatoe nje, awagawe makundi, kila kundi lipande kilima kidogo cha udongo. Wengine walaze matuta kufuata mteremko, wengine wayakingamishe. Kisha kopo moja la maji limwagwe juu ya kila kilima. Waulizane, kwa lugha yoyote wanayoulizana nayo wakichunga, kwa nini maji ya huku yametoka mekundu na ya kule yametoka meupe. Hapo ndipo mwalimu anapowapa maneno ya Kiswahili: mteremko, tuta, mmomonyoko. Neno jipya humkuta mtoto akiwa tayari ana kitu cha kulivisha. Hesabu zipo katika makopo ya maji. Maandishi yapo katika jina la kila kilima. Na swali halikutoka ofisini, limetoka mtaroni kwa babu.

Mwalimu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, asiyejua hata salamu ya Kiiraqw, atafanyaje? Amwite mama mmoja, au mzee, au kijana aliyemaliza shule, akae naye darasani saa moja ya kila asubuhi. Mpango wa namna hii si ndoto. Madrasa za watoto wadogo zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980, zikafika Zanzibar na baadaye Uganda, zilijengwa kwa njia hiyo: wanawake wa mtaani walifunzwa ualimu, vifuu na makombe ya baharini yakafanywa vifaa, na dini na lugha ya nyumbani zikawa kizingiti cha kuingilia badala ya kuwa kikwazo. Kilichofaa kwa makombe ya pwani chaweza kufaa kwa chumvi ya Balangida na mabuyu ya Yaeda.

Lipo pingamizi jingine, nalo ni la adabu. Wazee wa bara na wa pwani hukubaliana katika hili: mtoto mwenye kuuliza sana hana heshima. Shule ikimzoesha kuuliza kila kitu, atarudi nyumbani akimhoji baba yake. Waislamu wa pwani hukumbuka kisa cha Nabii Musa na mja mwema ambaye wapokezi humwita Khidhri. Musa aliomba kufuatana naye ili ajifunze, akapewa sharti moja: asiulize mpaka aelezwe. Akashindwa, akauliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hapo wakafarikiana. Wengi husimulia kisa hiki ili kumfunza mwanafunzi subira, na somo hilo limo. Lakini kisa hakikuishia kwenye kufarikiana. Kabla ya kuachana, yule mwalimu alimweleza Musa kila jambo alilomuuliza, moja baada ya jingine. Aliyedai kimya alijua kwamba kimya kile ni mkopo, na hakuondoka bila ya kuulipa. Adabu, kwa hiyo, humfunza mtoto lini na vipi pa kuuliza. Haimpi mkubwa ruhusa ya kutolipa.

Wairaqw nao wanaijua adabu hii. Katika mikutano yao kuna sala ya kishairi iitwayo slufay: mzee hughani, na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Baraka haikamiliki kwa kinywa cha mmoja. Mshairi wa malumbano wa pwani, aliyezoea kutupa beti na kungojea ijibiwe, hataona ugeni katika jambo hilo. Kauli ya mkubwa hukamilishwa na mwitiko. Darasa lisilo na mwitiko limetoka nje ya mila za pande zote mbili.

Lakini jaribio kubwa la mtaala wa udadisi halimo katika makopo ya maji. Limo katika maswali ambayo wakubwa wangependa yasiulizwe. Nyanda za Basotu, wilayani Hanang, zilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga. Katika miaka ya 1970 na baada yake zikageuzwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, yakafikia takriban ekari 100,000. Wazee walilalamika kwamba trekta zilipita hata juu ya makaburi ya wakubwa wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda kortini. Mahakama Kuu ikakipa ushindi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa. Mtoto wa Kidatoga aliyefunzwa kutazama na kuuliza atauliza kuhusu punje ya ngano: inaota vipi, inahitaji maji kiasi gani. Siku moja atauliza pia ilifikaje pale. Mtaala unaolipenda swali la kwanza na kuliogopa la pili umemfundisha mtoto kwamba udadisi ni mchezo wa ndani ya uzio.

Kisha likaja swali zito kuliko yote. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikameguka. Maelezo hayo ni ya kweli, na mtoto aliyekwisha kumwaga kopo la maji juu ya kilima cha udongo ataweza kuyafuata hatua kwa hatua. Pengine ataweza hata kuuliza, mvua nyingine zikija, nyumba zijengwe wapi. Hapo elimu ya udadisi huacha kuwa mtindo wa kufundishia ikawa jambo la uhai.

Ila mtoto aliyempoteza mama yake katika tope lile haulizi habari ya miamba tu. Anauliza kwa nini mlima uliowalisha, uliowapa mvua na kivuli tangu zama za mababu, umewashukia wakiwa usingizini. Kwa nini nyumba yao, na si ya jirani. Swali hilo hakulitoa kitabuni na hapana mtaalamu aliyemtungia. Ni lake peke yake. Ataliuliza, kama ataliuliza, kwa lugha ambayo mama yake aliisema. Mwalimu ambaye maisha yake yote ameuliza yale tu anayoyajua hatakuwa na la kumwambia, na pengine atamwambia anyamaze aandike tarehe ubaoni.

Mwalimu mwingine atakaa naye chini. Atamweleza la miamba na maji, kwa kuwa hilo linaelezeka na ni haki yake kulijua. Kwa lile lililobaki atakiri kwamba ameshindwa, na hatatafuta neno la kujificha nyuma yake. Kwenye baraza za pwani jambo hilo lina jina na halina aibu: mkubwa ametegwa na mdogo, hana jibu, naye anatoa mji. Mtaala wowote utakaopangwa kwa ajili ya watoto wa Mbulu na Hanang, au wa Micheweni na Makunduchi, hauna budi kwanza kuwaandaa walimu walio tayari kuutoa.